Imesemaje? Kumbukumbu za diski zilizogoma kufunguka

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida ya usalama, Linux imekuwa gumzo hata midomoni mwa watu ambao hawakuwahi kuitaja. Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua hazitimizi masharti ya Windows 11, hasa lile la chipu ya usalama ya TPM 2.0, ingawa zenyewe bado ni nzima. Wenye mashine hizo wanaweka Ubuntu au Linux Mint, na wengine wanaiacha mifumo miwili ikae pamoja. Halafu simu yangu inaita: "Kaka, D haifunguki." Mpigaji anaiona patisheni yake pale, jina lipo, ukubwa upo, lakini kila akiibofya Linux inakataa kuimaunti.

Baada ya hapo huja swali ambalo nimelisikia tangu ujana wangu: "Niifomati?" Simu hizi zimenirudisha kwenye miaka yangu ya ufundi, Tanga na baadaye Dar es Salaam, kwa sababu katika miaka hiyo nimeona mafaili mengi zaidi yakipotea kwa jibu la haraka la swali hilo kuliko kwa maradhi ya diski zenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu kumaunti. Katika Linux, diski haipewi herufi kama C au D. Patisheni hushikizwa kwenye folda fulani, mathalani /home au /mnt, na kuanzia hapo yaliyomo huonekana kama tawi la mti mmoja wa mafaili. Kabla ya kukubali kuishikiza, keneli husoma sehemu za mwanzo za patisheni na kujiuliza: huu ni mfumo gani wa faili, ext4, NTFS au exFAT? Ulifungwa vizuri mara ya mwisho? Taarifa zake zinakubaliana? Jibu likikosekana, keneli hugoma. Kugoma huko ndiko watu wengi wanakokuita kuharibika.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa kijana wa duka la intaneti pale Tanga, kazi yangu ikiwa kuwasha mashine asubuhi na kuhesabu muda wa wateja. Mwenye duka alikuwa mzee aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio, kisha akahamia kwenye kompyuta. Alichoshwa na virusi, akaagiza CD za Ubuntu, ambazo siku zile zilitumwa bure kwa posta hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 2011, akaiweka Ubuntu kwenye mashine zake zote.

Asubuhi moja ile mashine iliyotunza kazi za wateja, barua zao za maombi na wasifu wao, iliwaka bila diski yake ya pili. Nilikuwa nimeshashika bisibisi. Mzee akanizuia: "Bwana mdogo, imesemaje?" Sikumwelewa. Akavuta kiti, akafungua terminali na kuandika dmesg, amri inayoonyesha yale keneli iliyoyasema tangu ilipowaka. Akasoma mstari kwa mstari, bila haraka, huku wateja wakisubiri mlangoni.

Diski ilikuwepo, tena nzima. Mteja wa jana alikuwa amesahau flashi nyuma ya mashine. Mashine ilipowaka, flashi ikawahi kupewa jina la sdb, na diski yetu ikasukumwa hadi sdc. Faili la /etc/fstab, ambamo Linux huelezwa nini kimauntiwe na wapi, lilikuwa bado linaitafuta sdb1. Mzee hakugusa kebo wala kufomati kitu. Aliandika blkid, akanakili UUID ya patisheni, ile namba ndefu inayozaliwa patisheni inapofomatiwa, akaiweka kwenye fstab mahali pa jina. Ubuntu yenyewe ilikuwa imeshaanza kutumia UUID tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, ila diski hiyo ya pili iliongezwa kwa mkono na mtu aliyezoea majina ya zamani.

Niliondoka na mambo mawili siku ile. Kwanza, sda na sdb ni majina ya foleni, anayewahi ndiye wa kwanza; UUID ni ya patisheni yenyewe hata diski ikihamia mashine nyingine. Pili, mashine huwa imeshasema kosa lake kabla fundi hajaguswa na wasiwasi. Swali la mzee, "imesemaje?", nimelitumia tangu wakati huo kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Nilipohamia Dar es Salaam nikapata meza yangu Kariakoo, katikati ya wauza simu. Huko aliniletea laptopu dada mmoja, mpiga picha za harusi. Alikuwa na Windows 8 kwa ajili ya kuhariri picha na Ubuntu kwa mambo mengine. Patisheni yake ya picha ilifunguka vizuri kwenye Windows, lakini upande wa Ubuntu ilifunguka kwa kusoma tu. Hakuweza kuongeza wala kufuta hata picha moja. Fundi wa meza ya jirani alimshauri alazimishe, kwa sababu amri ya kulazimisha ipo. Harusi ilikuwa Jumamosi na dada huyo alikuwa na haraka.

Tulisoma ujumbe. Programu ya ntfs-3g, iliyokuwa ikifungua patisheni za NTFS kwenye Linux, ilieleza kwamba Windows haikuzimwa kikamilifu, na kwamba baadhi ya taarifa za patisheni bado zimo kwenye kumbukumbu ya Windows. Maelezo yalikuwa ya kweli kabisa. Kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kulikuja utaratibu wa kuwaka haraka. Ukiizima kompyuta kwa njia ya kawaida, Windows hufunga programu zako, lakini haikifungi kiini chake. Huhifadhi hali yake kwenye faili ili kesho iamke upesi. Patisheni zilizokuwa zimefunguliwa, ile ya picha ikiwemo, hubaki zikihesabiwa kuwa ziko kazini. Sasa chukua Linux, iandike picha mpya humo usiku. Asubuhi Windows inaamka ikiwa na ramani ya jana kichwani, inaandika juu ya kazi ya usiku, na mafaili yanapotea bila hata kengele kulia.

Kwa hiyo ile "kusoma tu" iliyomkera ilikuwa inazilinda picha za bibi harusi. Dawa haikuhitaji amri ya kulazimisha. Tulirudi Windows, tukazima kipengele cha kuwaka haraka kwenye mipangilio ya umeme, tukaizima mashine kikamilifu, tukaingia Ubuntu, na patisheni ikafunguka kwa kusoma na kuandika. Dereva mpya ya ntfs3, iliyoingia kwenye keneli 5.15 mwaka 2021, ina msimamo ule ule, ila yenyewe hukataa kabisa: ikiona alama kwamba patisheni ni chafu, haimaunti mpaka ulazimishe. Ipo pia amri ya ntfsfix, ambayo vijana huipenda kwa sababu hufanya ujumbe upotee. Amri hiyo hurekebisha mambo machache na kuiachia Windows kazi ya ukaguzi itakapowaka. Kuondoka kwa ujumbe hakumaanishi kwamba tatizo limeondoka.

Nilichojifunza kwa dada yule ni kuuliza swali la pili. Baada ya "imesemaje?" sasa ninauliza "inamlinda nani?" Mara nyingi sana anayelindwa ni yule yule anayelalamika.

Baada ya hapo niliitwa kwenye shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi usiku, na seva yenye alama za wanafunzi ilikuwa imesimama kwenye skrini nyeusi ikidai nenosiri la msimamizi. Mwalimu wa kompyuta alidhani mfumo mzima umekufa. Kumbe mfumo ulikuwa mzima. Systemd, programu inayosimamia uwakaji wa Linux, ilikuwa imeisubiri patisheni ya alama kwa sekunde 90, kama ilivyo kawaida yake, na haikuipata. Kwa kuwa fstab haikuruhusu kuendelea bila patisheni hiyo, ikaingia hali ya dharura. Neno moja tu, nofail, likiongezwa kwenye mstari wa diski isiyohitajika kuwasha mfumo, lingeiacha seva iwake ili kazi nyingine ziendelee huku fundi akitafutwa.

Patisheni yenyewe ilikuwa ya ext4, na ujumbe ulisema superbloku haisomeki. Superbloku ni ukurasa wa utambulisho wa mfumo wa faili. Humo huandikwa ukubwa, idadi ya bloku na hali ya patisheni, na ukikosekana keneli haijui ianzie wapi. Mwalimu alishika kichwa. Lakini kabla ya yote nilitaka kujua anayeumwa ni nani, diski au mfumo wa faili uliomo ndani yake. Dmesg haikuonyesha hitilafu za kusoma wala kuandika. Smartctl, amri inayouliza diski kuhusu afya yake, ilionyesha kwamba hakuna sekta zilizohamishwa wala zinazosubiri kuhamishwa. Diski ilikuwa nzima. Kilichovurugika ni maandishi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Maandishi yakivurugika kwenye diski nzima, unaweza kurekebisha kwa utulivu. Diski yenyewe ikiwa mgonjwa, kila dakika ya kuifanyisha kazi inakula uhai wake.

Waliobuni ext2, babu yake ext4, hawakuiweka superbloku mahali pamoja. Nakala zake husambazwa ndani ya patisheni. Kwa ext4 ya kawaida yenye bloku za kilobaiti 4, nakala ya kwanza iko kwenye bloku ya 32768, megabaiti 128 kutoka mwanzo, na nyingine kwenye 98304, 163840 na kuendelea. Tulinakili kwanza patisheni nzima kwenye diski nyingine, tukajaribu e2fsck, amri ya kukagua na kukarabati ext4, kwa kuielekeza kwenye nakala ya 32768, tukifanya hayo yote juu ya nakala yetu. Ilipokubali ndipo tukaigusa ya asili. Alama zikaonekana. Mwalimu aliuliza kwa nini tumepoteza nusu ya siku kunakili wakati amri yenyewe ilichukua muda mfupi tu. Nikamjibu kwamba amri ya kukarabati huandika, na kilichoandikwa juu ya cha zamani hakirudi.

Jambo hilo lina undani ambao mafundi wengi huupuuza. Ext4 hutunza daftari la mabadiliko: kabla ya kubadilisha taarifa za mfumo wa faili, huandika kwenye daftari nia yake, ili umeme ukikatika ijue ilikofikia. Ukiimaunti baada ya ajali, hata kwa kusoma tu, inaweza kulimalizia daftari hilo kwanza, yaani inaandika. Anayetaka kuchungulia bila kugusa chochote huongeza neno noload. Fundi anayelijua neno hilo ameshaelewa kwamba kuchunguza na kutibu ni kazi mbili tofauti.

Si kila mgonjwa alinifikia mapema. Baba mmoja alikuwa ameweka picha za familia kwenye diski ya nje iliyofomatiwa kwa ext4 na kijana wake wa chuo. Siku moja akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisini yenye Windows. Windows haisomi ext4 kwa kawaida yake. Ikaona patisheni isiyoijua na kumwambia kwamba ili aitumie ni lazima aifomati. Akabonyeza kukubali. Wahenga wanasema mchuma janga hula na wa kwao, na kweli nyumba nzima ilikuja mezani kwangu, mama, watoto na shangazi.

Kufomati kwa haraka hakufuti diski yote. Huandika mfumo mpya wa faili katika sehemu chache na kuihesabu nafasi iliyobaki kuwa tupu. Picha nyingi zilikuwa bado zimelala humo bila majina. PhotoRec, programu ya Mfaransa Christophe Grenier, ambaye pia ndiye aliyeandika TestDisk ya kufufua patisheni zilizopotea kwenye jedwali, haitegemei majina wala folda. Inapita juu ya diski ikitafuta alama za mwanzo wa mafaili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na FF D8 FF. Nayo haiandiki kwenye diski inayochunguzwa, mradi uielekeze kuhifadhi kwenye diski nyingine. Picha zilirudi kwa maelfu, zikiwa na majina ya namba tupu. Bahati ilikuwa kwamba kamera huandika tarehe ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo tuliweza kuzipanga kwa miaka. Nyaraka nyingine, zilizokuwa zimetawanyika vipande vipande, hazikurudi.

Kompyuta ikisema "sijui hiki ni nini", haina maana kwamba kitu hicho ni kitupu. Inaeleza mipaka ya ujuzi wake yenyewe. Baba yule angeondoa diski na kuirudisha kwenye mashine ya kijana wake, hakuna ambacho kingepotea.

Kisa kilichonifunza zaidi ni cha kikundi kimoja cha taarabu. Diski yao ya nje ilikuwa na rekodi za mazoezi na maonyesho. Ilianza kwa kuchelewa kumaunti, kisha ikagoma. Kabla ya kuja kwangu walikuwa wamepita kwa kijana aliyeendesha fsck, amri ya ukarabati, mara kwa mara, kila mara akikubali marekebisho yote. Baadhi ya rekodi zilikuwa zimeshahamia kwenye folda ya lost+found, majina yamegeuka namba. Niliposoma dmesg nikakuta mistari mingi ya hitilafu za kusoma, sekta baada ya sekta. Smartctl ilionyesha sekta nyingi zinazosubiri. Huyu alikuwa mgonjwa wa kweli, naye alikuwa amekimbizwa mbio badala ya kulazwa.

Hapo fsck haina kazi. Kinachotakiwa ni ddrescue ya mradi wa GNU na diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Ddrescue huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kirahisi na kuruka yaliyo mabaya, kisha hurudi kuyakwangua kidogo kidogo. Ina faili la ramani linaloweka kumbukumbu ya kilichookolewa, kwa hiyo umeme ukikatika, au diski ikihitaji kupumzishwa, kazi huendelea pale ilipoishia. Ilichukua siku. Diski ya asili ikawekwa kando, na marekebisho yote yakafanyika juu ya nakala. Rekodi nyingi zilipona, chache zikawa na mikwaruzo, na nyingine hazikupatikana. Niliwaambia hivyo hivyo, waziwazi, kabla hawajalipa. Ingekuwa diski inagonga tik-tik ndani, ningewaambia waizime na kuipeleka kwa wenye vyumba maalumu vya kufungulia diski, kwa maana hakuna programu inayotengeneza kichwa cha kusomea kilichovunjika.

Katikati ya visa hivyo vikubwa kulikuwa na vidogo visivyohesabika: kebo iliyolegea, soketi ya USB isiyotoa umeme wa kutosha, kasha la diski lililochoka. Smartctl huwa na mstari unaohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mashine. Ukiona hesabu hiyo inapanda huku sekta zikiwa salama, badilisha kebo kabla ya kuhukumu. Ndiyo maana bado naanza na lsblk -f, inayoonyesha kilichopo na aina yake, halafu dmesg, halafu smartctl. Hakuna hata moja kati ya hizo inayobadilisha mafaili ya mteja.

Wapigaji wa sasa wana jambo moja ambalo mzee wa Tanga hakulikuta. Kompyuta nyingi za karibuni huja na patisheni zilizofungwa kwa BitLocker, kufuli la usimbaji la Windows, wakati mwingine mwenye mashine hana habari. Linux huiona patisheni hiyo, huitambua, na hugoma mpaka ipewe ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ukiwa nao, cryptsetup inaweza kuifungua. Usipokuwa nao, hakuna fundi mwaminifu atakayekuahidi kitu, na anayekuahidi mwogope.

Kwa hiyo, ndugu unayejiandaa kuweka Linux kwenye mashine yako, tafuta leo ufunguo wa BitLocker na uuandike kwenye karatasi. Zima utaratibu wa kuwaka haraka. Nakili picha, vyeti na kazi zako kwenye diski nyingine, kisha uifungue nakala hiyo kwenye mashine tofauti uhakikishe inasomeka. Patisheni ikigoma, soma ilichosema kabla ya kuandika amri yoyote; diski ikionyesha makosa ya kusoma, izime na uinakili kwanza. Na mtu yeyote akikushauri ufomati kabla hajasoma dmesg, chukua kompyuta yako uondoke.